Tuliokimbilia Yowe

Watu wakiniuliza habari za vita hutaka nianze na bunduki. Siwezi. Bunduki zilikuja baadaye kabisa. Kwanza kulikuwa na alizeti uani kwa mama yangu, kijijini Issuna, vichwa vimekauka vizuri, na sisi wanawake tumekaa kwa mduara na vijiti, kila mtu anapiga kichwa kilicho mbele yake huku akimsema jirani yake. Upepo ulikuwa wa kiasi, unafaa kupepetea. Mimi nilikuwa nimetoka mjini Singida, mtaa wa Utemini, ambako nina mashine ndogo ya kukamua mafuta, na mama alikuwa ameshawatangazia wote kwamba sikuja kumsaidia bali kumlangua.

"Huyu Penina wangu," aliwaambia, "hata shikamoo yake ina bei."

Wakacheka. Nami nikacheka, maana ilikuwa kweli kidogo.

Simu ya mama ikalia juu ya ungo. Alikuwa dada yangu Tabita, anapiga kutoka Kongo. Mama hakupenda kuweka simu sikioni, alisema inampasha kichwa moto. Aliiweka sauti kubwa, akaiacha palepale kwenye ungo, na sote tukasikia.

Tabita alikuwa ameolewa na mchungaji wa Kikongo, Byamungu, aliyekuja kusoma chuo cha Biblia Dodoma. Harusi ilifanyika kanisani kwetu, kisha akamchukua kwao, kwenye mji mdogo wa milimani upande wa Kivu. Jina la mji silitaji, kwa kuwa watu wake bado wapo, na waliowashambulia nao bado wapo. Miaka mingi ilikuwa imepita. Mungu hakuwajalia mtoto.

Siku ile alisema watu wa mabondeni wameanza kupanda milimani na magodoro kichwani. Soko limefungwa. Kuna vijana wamepita na silaha, haijulikani ni wa nani. Alieleza yote hayo kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya vitunguu, kisha akamalizia kama alivyomalizia siku zote:

"Lakini msihangaike, mama. Mungu anatawala."

"Anatawala, mwanangu," mama akajibu.

Simu ikakatika. Mama aliendelea kupiga alizeti. Nilimwona anapiga kichwa ambacho hakina tena hata mbegu moja. Halafu akaweka kijiti chini, akanigeukia.

"Penina, kamlete mwenzio."

"Mama, kule kuna vita."

"Ndiyo maana nakwambia kamlete. Kungekuwa na harusi ningekutuma?"

Nilijaribu kumwambia kuhusu mashine, kuhusu wateja, kuhusu msimu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Usirudi bila yeye." Sikuwa na mume wa kuniombea udhuru, na mama alilijua hilo vizuri. Jioni ile nilikuwa nimeshaanza kufungasha.

Nilipanda treni Manyoni hadi Kigoma, nikavuka ziwa kwa boti iliyojaa magunia na watu wanaotapika, kisha nikapanda lori milimani. Mkobani nilikuwa na unga wa uwele, mafuta ya alizeti, mlenda mkavu na kitenge kipya nilichomnunulia Tabita sokoni Singida. Mlenda ndio aliokuwa akiuomba kila mara. Alisema Wakongo ni watu wazuri, wanamjua Mungu, lakini mlenda hawaujui.

Aliponiona akaangusha ndoo ya maji. Alikuwa amenenepa, ana kicheko kilekile cha kuinua mabega, lakini maneno yake yalikuwa yamebadilika, anachanganya Kiswahili cha kule na Kinyaturu cha utotoni. Alinikumbatia, akanusa shingo yangu, akasema nanuka treni. Nilimwambia hapohapo, kabla hata ya kukaa, kwamba mama amesema twende.

"Utakula kwanza au nikubebe na njaa?" akaniuliza.

Tukala. Byamungu alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kusikiliza huku amefumba macho, na mimi watu wa hivyo hunikera. Nikarudia maneno ya mama. Nikaongeza na yangu.

"Shemeji," alisema, "sisi tumeshakimbia mara nyingi. Kila tulikokimbilia, tulikuta vita imefika kabla yetu, imeshatandika na mkeka. Nimechoka. Mungu wa kule ninakokimbilia ndiye huyuhuyu wa hapa. Hakuna mlima ambao yeye hautawali."

"Basi na Issuna anaitawala," nikasema. "Twendeni akatutawale kule."

Tabita alicheka hadi akaweka bakuli chini. Byamungu alifumbua macho, naye akacheka kidogo kwa kushindwa. Nadhani kicheko kile ndicho kilichofanya kazi, kuliko hoja zangu zote. Usiku ule waliongea wao kwa wao. Asubuhi Tabita aliniambia atakuja nami Issuna kumwona mama, akae mpaka hali itulie. Lakini si leo. Jumapili kulikuwa na Meza ya Bwana, na yeye ndiye aliyeandaa meza hiyo miaka yote. Jumatatu lori la mihogo litateremka ziwani. Tutateremka nalo.

Ilikuwa Jumatano.

Mimi si mtu wa kukaa. Hata kwangu Utemini nikikosa kazi nafagia palipofagiliwa. Kule nilifungasha mkoba, nikaufungua, nikaufungasha tena. Nililala na viatu miguuni. Nilihesabu mbwa kwa milio yao, nikajua yupi wa nani, ili nikisikia mlio mgeni nijue. Tabita alinitazama akitikisa kichwa.

"Utauchosha huo mkoba, Penina."

"Heri uchoke mkoba kuliko mtu."

"Unamwamini Mungu wewe?"

"Namwamini. Lakini hata mlango naufunga kwa komeo."

Nilisema kwa mzaha, ila ndivyo nilivyo. Nimebatizwa, nimeimba kwaya, natoa zaka ninapopata. Nilikulia katika nyumba ambako sala haikuanza bila mama kumwambia Mungu kwamba yeye ni mtawala wa mvua na ukame, wa uzazi na utasa, wa anayelala akaamka na asiyeamka. Sijawahi kulikataa neno hilo. Ila kwa mama na kwa Tabita lilikuwa godoro, wanalilalia. Kwangu lilikuwa kama mtu anayetembea juu ya paa: najua yupo, simwoni, na siwezi kulala.

Siku moja nilimuuliza Tabita, kwa hasira ambayo sijui ilitoka wapi, kama na hilo la kukosa mtoto nalo ni utawala. Alikuwa anachambua mboga. Hakukasirika.

"Nalo," akasema. "Kama si lake, ni la nani? Nimpelekee nani kilio changu?" Akaendelea kuchambua. Baadaye aliniambia nikamletee chumvi.

Alinifundisha pia jinsi ya kuishi pale, na hili naomba lieleweke vizuri. Kwetu yowe lina sheria. Mwanamke akipiga yowe, hata awe adui yako wa mpaka wa shamba, unaacha ulichoshika na kukimbia kuelekea sauti. Wanaume na fimbo, wanawake na chochote walichonacho. Huulizi kuna nini, utajua ukifika. Asiyetokea huitwa mbele ya wazee na kutozwa, na aibu inamkaa kuliko faini. Baba yetu aliwahi kutozwa beberu kwa kuwa alimalizia ugali wake kwanza ndipo akatoka. Yowe lenyewe lilikuwa la fisi kwenye zizi la jirani, na fisi alikuwa ameshaondoka. Beberu alikwenda vilevile. Baba alilalamikia yule beberu mpaka anaingia kaburini, lakini hakuchelewa tena. Nasi watoto tulilelewa hivyo, miguu yetu ikafundishwa kabla ya akili.

Kule ilikuwa kinyume. "Ukisikia risasi," Tabita aliniambia, "hakuna kupiga kelele. Unainama, unapita nyuma ya kanisa, unapanda kwenye migomba hadi juu. Ukisikia mtu analia, usiende. Huku kelele inawaonyesha ulipo. Wengine wamelizwa makusudi ili ndugu zao watokee." Alinifanya niyarudie maneno hayo kama mtoto wa Shule ya Jumapili, mpaka nikayasema yote bila kukosea.

Jirani wa chini alikuwa mwanamke aitwaye Mama Furaha. Mume wake alikuwa machimboni, hajarudi. Alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, bado hajapona, anatembea akishikilia tumbo. Tabita alimpelekea uji kila asubuhi. Ijumaa tulikwenda wote, nikambeba yule mtoto, binti mwenye nywele nyingi, akanikojolea. Byamungu alikuwa amepanga kwamba ikitokea hatari vijana wawili wa kanisa wambebe Mama Furaha kwa machela. Machela ilikuwa tayari, imeegemezwa kwenye ukuta wa kanisa. Niliiona mwenyewe.

Jumapili asubuhi Tabita alivaa kitenge nilichomletea. Alikuwa amekanda mkate wa Meza ya Bwana na kuufunika kwa kitambaa cheupe. Mimi mkoba wangu ulikuwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilikuwa na utulivu kidogo. Kesho tunateremka. Niliwaza namna mama atakavyotuona tukija na njia.

Risasi zilianzia mtoni.

Mwanzoni zilikuwa chache, za mbali. Tabita aliacha kitambaa. Byamungu alitoka nje, akarudi, akasema jambo moja tu: "Juu."

Tukatoka.

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha kuliko risasi. Mji mzima unakimbia na husikii ila miguu na pumzi, na watoto wamezibwa midomo kwa viganja. Tulipita nyuma ya kanisa. Byamungu alikuwa mbele, amembeba kikongwe mgongoni. Mimi nilikuwa nyuma ya Tabita, nimeshika pindo la kitenge chake.

Tukaingia kwenye migomba.

Ndipo lilipotoka yowe.

Lilikuwa la chini, upande wa kwa Mama Furaha. Yowe la mwanamke, refu, lenye kupanda mwishoni. Vijana wawili wa machela walikuwa mbele yetu, mikono mitupu. Sijui kilichotokea. Labda kila mmoja alidhani mwenzake ameichukua.

Tabita aligeuka.

Nami niligeuka. Sitadai kwamba nilifikiri. Yote niliyofundishwa tangu Jumatano yalitoka kichwani kama maji kwenye chujio, nikabaki mtu wa Issuna aliyesikia yowe. Tulikimbia kuteremka, wadada wawili wa Kinyaturu, na watu wa mji ule wakitupita wakipanda. Wengine walituangalia usoni kwa mshangao. Mmoja alinong'ona, "Banakuja kule, mama, banakuja!" Tukampita.

Tabita alikuwa mnene lakini siku ile alikimbia kama msichana.

Kwenye shamba la mihogo sketi yangu ndefu ilinifunga miguu. Nikaanguka kwenye mfereji. Risasi zikapita juu, zikakata majani. Nilijaribu kuinuka, mwili ukakataa. Sijawahi kujilaumu kwa kuanguka kule, na sitaki mtu anipe pole kwa hilo. Nilianguka.

Kutoka mferejini niliuona mlango wa Mama Furaha.

Niliomba. Sikuanza na sifa kama mama anavyoanza. Nilisema, "Mungu, mrudishe Tabita." Nikasema tena. Sikuomba kitu kingine chochote, wala kwa ajili yangu.

Tabita aliingia ndani.

Akatoka na mtoto kifuani. Mama Furaha alikuwa nyuma yake, ameinama, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika nyonga ya Tabita.

Walikuja kuelekea kwangu. Niliona kabisa kwamba watafika.

Katikati ya uwanja Tabita alisimama. Nadhani aliona kitu ambacho mimi sikukiona. Alimpa Mama Furaha mtoto, akamwonyesha mfereji kwa kidole, akamsukuma. Yeye akabaki amesimama pale, kati yao na ile njia ya mtoni.

Nilisikia milio miwili.

Mama Furaha aliniangukia yeye na mtoto wake. Nilikuwa chini yao, uso kwenye tope, na mtoto alikuwa hai, analia karibu na sikio langu. Mama yake alimpa ziwa akanyamaza.

Tulikaa hivyo mpaka jua likawa kali.

Waliondoka kama walivyokuja. Walichukua mbuzi, magodoro, unga wangu wa uwele, hata sufuria ya chai iliyokuwa motoni. Waliojificha juu kwenye migomba waliteremka mmoja mmoja. Wote walikuwa wazima. Kikongwe aliyebebwa mgongoni alikuwa mzima. Katika mji mzima siku ile alikufa mtu mmoja, naye ndiye niliyetumwa kumchukua.

Byamungu alichimba kaburi mwenyewe, nyuma ya kanisa. Alikataa kupokewa jembe. Hapakuwa na mbao za jeneza. Tulimfunga kwa kitenge kilekile na shuka la Meza ya Bwana. Watu walisimama mbali kidogo, wakiangalia njia, maana hakuna aliyejua kama wale hawatarudi. Mimi sikuweza kusimama mahali pamoja. Nilizunguka lile kaburi kama mbuzi aliyefungwa kamba, na mwishowe nikasimama mbele ya shemeji yangu.

"Sema sasa," nikamwambia. "Sema kama ulivyosema mezani."

Watu waliinamisha vichwa. Nilitaka anyamaze. Nilitaka aniambie kwamba alikosea, kwamba mlima huu haukuwa na mwenyewe, ili nami nipate pa kutupia mzigo wangu. Aliegemea jembe, machozi yanamdondoka kidevuni bila kuyafuta.

"Mungu anatawala, shemeji," akasema. "Hata hapa. Na sijui nitaishije na jambo hilo."

Alichukua udongo, tukazika.

Jioni Mama Furaha aliletwa kwangu, ameshikwa mikono huku na huku. Alipiga magoti ingawa nilimkataza, kwa ajili ya kidonda. Alisema alipoona hawa watu wanaingia uani, machela haijaja, alimwomba Mungu amletee mtu mmoja. Mmoja tu. Ndipo akapiga yowe. Akasema, "Mungu alinisikia, akamtuma mama mchungaji."

Nilimchukia. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, na nilimchukia kwa miezi mingi. Si kwa sababu alipiga yowe, mtu akivamiwa afanye nini? Nilimchukia kwa sala yake. Tulikuwa wanawake wawili tunamwomba Mungu mmoja kwa wakati mmoja, mmoja anasema mlete, mwingine anasema mrudishe, na baina yetu ulikuwa uwanja mdogo wa kukaushia mihogo. Alisikilizwa yeye. Na kama kweli Mungu anatawala, basi hakuna pa kusema kwamba sala yangu ilipotea njiani. Ilifika. Ilipokelewa. Ikawekwa kando.

Watu wa kanisa walinipoza kwa njia zao. Mmoja alisema Mungu aliniangusha mferejini makusudi kwa kuwa ana kazi na mimi. Nilimuuliza kama na Tabita hakuwa na kazi naye. Akaniomba radhi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anatafuta neno la kusema, na maneno siku zile yalikuwa machache.

Jumatatu lori la mihogo liliteremka ziwani kama lilivyopangwa. Nilipanda peke yangu. Byamungu alibaki. Alisema kondoo zake wako hai na anajua nani aliyewalipia, hawezi kuwaacha.

Njia nzima, kwenye lori, kwenye boti, kwenye treni, nilitunga maneno ya kumwambia mama. Nilikuwa nimempigia simu kutoka Kigoma, mara tatu, na kila alipopokea nilikata. Nilipofika Manyoni nilikuwa na hotuba kamili. Issuna nilishuka barabarani, nikaenda kwa miguu. Mama alikuwa uani anapepeta. Aliniona nikiwa bado mbali. Aliangalia nyuma yangu, akaangalia tena, na ungo ukabaki hewani mikononi mwake.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Kwetu mtu mzima haachi shikamoo ikaanguka, hata akiwa mgonjwa. Nilisimama pale nikingoja. Mwishowe akasema "Marahaba" kwa sauti ya chini sana, akaketi kwenye mavumbi. Nami nikaketi. Hotuba yote ilipotea. Nilimweleza kama ninavyokueleza wewe, hatua kwa hatua, na nilipofika kwenye yowe alinyanyua mkono nikome kwanza.

"Alikwenda?"

"Alikwenda, mama. Wote walikuwa wanapanda, sisi tukateremka."

Alitikisa kichwa polepole. Sikuona fahari usoni mwake, wala majuto. Alikuwa anaelewa tu. Kisha alilia, na majirani wakaja.

Tuliweka matanga bila maiti. Watu walikuja kutoka Ikungi, kutoka Unyambwa, Waislamu kwa Wakristo. Mzee mmoja wa msikitini alileta gunia la mtama akakaa nasi siku zote. Na kila aliyeinama kumshika mama mkono alisema lile neno ambalo sote husema, nami nimelisema kwenye misiba isiyo na idadi: "Kazi ya Mungu haina makosa, mama."

Mama aliitikia, "Haina." Aliitikia hivyo siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu mchungaji wetu alipolisema katika mahubiri, mama aliinuka kwenye mkeka. Alikuwa mtu wa kukaa nyuma kanisani. Sote tulishtuka.

"Mchungaji, samahani," alisema. "Sikatai kwamba ni kazi yake. Lakini mtu akinifanyia kazi nyumbani mwangu, nami sikuielewa, nina haki ya kumuuliza. Nitamuuliza."

Mchungaji alikuwa kijana, alibaki na Biblia mkononi. Kisha akafanya jambo ambalo tangu siku hiyo nimemheshimu kwalo. Alisema, "Muulize, mama." Akaketi.

Toka hapo sala za mama zilibadilika. Nilikuwa nakwenda Issuna kila mwisho wa juma, na nilikuwa namsikia alfajiri chumbani. Alianza kama zamani, kwa kumwambia Mungu kwamba yeye ni mtawala wa mvua na ukame. Kisha anasema, "Kwa hiyo na hili lilipita mkononi mwako. Nataka kujua." Halafu ananyamaza muda mrefu, kama mtu aliyeuliza kweli na anasubiri jibu. Baada ya hapo anaamka, anafungulia kuku.

Nilimuuliza mara moja kama haogopi kumwambia Mungu hivyo.

"Ningeogopa kama ningeamini hakuwepo," alisema. "Asingekuwa anatawala, ningemuuliza nani? Wale vijana wa bunduki? Wao hata jina la mwanangu hawalijui."

Mama Furaha hupiga simu. Mwanzoni nilikuwa sipokei. Mama ndiye aliyeniamuru nipokee, akamtaka yule mtoto azungumze naye, naye alikuwa bado hajui kusema. Tulikuwa tunasikia pumzi tu kwenye ungo. Mama alimuuliza mama yake kila mara maswali yaleyale: anakula, analala, ameanza kutembea? Sasa anakwenda shule. Mimi humwuliza masomo yake, na huwa najitahidi sauti yangu iwe nzuri. Siku nyingine inakuwa nzuri yenyewe.

Sijatulia. Hapa Utemini wakipiga vigelegele vya harusi, huwa nimeshasimama mlangoni kabla sijajua kwamba ni harusi. Jirani zangu wamezoea, wananicheka, nami nawacheka. Kanisani nakwenda. Tukifika mahali pa kukiri kwamba Mungu ni mtawala wa yote, nakiri kwa sauti kama wengine, ila nikiwa nimeshika benchi lililo mbele yangu, kwa kuwa sasa najua ninachokisema.

Mama alifariki kimya, mchana, baada ya chakula. Alikuwa ameuliza alfajiri ileile, nilimsikia. Msibani watu walinishika mkono, wakaniambia kwamba mama amechoka na sasa amekwenda kupumzika. Nikawashukuru wote. Sikuwabishia, maana hawakuwahi kulala chumba cha pili na mama. Mimi namjua. Amekwenda kuuliza.